Printa zote zimepotea baada ya luku kuisha, erro 1075: nilivyoifuatilia mpaka mwisho bila kupiga windo upya

#1 Mleta uzi, Makorora

Wakuu salama, poleni na majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, hii kitu imenila siku mbili na nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikukuta mtu kaieleza mpaka mwisho, wengi wanaishia kwenye "peleka kwa fundi apige windo", yaani aifute Windows na kuiweka upya. Na fundi wa kwanza niliyempigia simu kaniambia hivyo hivyo, elfu 20 na kila kitu kiondoke, nikitaka mafaili yabaki niongeze hela.

Nyumbani tuna deskitopu ya Windows 10, si ya kisasa lakini inatusaidia sana, mke wangu anachapia mitihani ya madrasa mbili za hapa mtaani, barua za maombi ya kazi za vijana, wakati mwingine kadi za harusi. Alhamisi usiku alikuwa anatoa mtihani wa fiqhi, nakala 84, imefika ya 17 luku ikaisha. Nikanunua token, nikaingiza tarakimu zote 20 kwa mwanga wa simu, umeme ukarudi, mashine ikawaka vizuri tu bila kulalamika. Akafungua mtihani, akabonyeza printi, kimya. Kwenda kwenye orodha ya printa hakuna hata moja, tupu kabisa, kama vile mashine hii haijawahi kufungwa printa tangu itengenezwe.

Kwa ambao hawajui, kompyuta ina programu zinazofanya kazi kimyakimya nyuma, hazina dirisha wala aikoni, zinaamka zenyewe mashine ikiwaka hata kabla hujaingiza pasiwedi. Hizo ndo sevisi. Ya kuprinti inaitwa Print Spooler, yenyewe inapokea kazi kutoka kwa Word au popote, inaipanga foleni, inaisukuma kwa printa. Ikilala hiyo, printa zote zinatoweka hata kama waya uko sawa na wino umejaa.

Bas nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika services.msc, nikashuka mpaka Print Spooler, imeandikwa Automatic lakini pembeni haina neno Running. Nikaibonyeza Start. Ikarudisha kiboksi: Error 1075. Maelezo yake kwa lugha yetu ni kwamba sevisi ambayo hii inaitegemea haipo, au imeshawekewa alama ya kufutwa.

Hapa ndo nilipopoteza usiku wote. Jibu liko mbele ya macho yangu na mimi nimelisoma haraka haraka nikaona tu "erro", nikaenda kufanya lile wanalofanya watu wote printa ikigoma: nikaingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, nikakuta mafaili mawili ya ile kazi iliyokatika, moja linaishia na SPL lingine SHD, nikayafuta. Start tena, 1075. Nikaendesha sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya Windows yenyewe, nikasubiri mpaka asilimia 100, ikasema haijaona faili lolote lililoharibika. Start, 1075. Nikatoa draiva ya printa (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na printa) na kuiweka upya, ndo ikawa mbaya zaidi, maana huwezi hata kuweka printa wakati spooler imelala. Saa 7 usiku tukalala, asubuhi mke wangu akafunga safari kwenda kumwambia ustadhi mtihani usogezwe mbele, watoto wameshajiandaa. Hilo liliniuma kuliko hela.

Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Ijumaa baada ya swala nikakaa chini na akili imetulia nikasema hebu nisome ile namba kama ilivyo. Imesema kuna kitu spooler inakitegemea na hakipo. Sasa ni kipi?

Nikafungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika

sc qc spooler

Inakupa mistari kama kumi hivi: jina la faili la sevisi, inaanzaje, inatumia akaunti gani, na karibu na mwisho kuna DEPENDENCIES. Hapo kwenye mashine nzima ya Windows 10 unatakiwa ukute majina mawili tu, RPCSS na http. Kwangu kulikuwa na la tatu, neno fupi la herufi ndogo ambalo sijawahi kuliona. Nikaliuliza lenyewe, sc query na hilo jina mbele yake, jibu likaja 1060, yaani hakuna sevisi ya jina hilo kwenye mashine hii. Moyo ukanidunda aisee, maana hapo ndo nilijua nimeshaishika.

Nikaenda kuhakikisha kwenye Event Viewer, programu ya Windows inayotunza kumbukumbu za matukio ya mashine, unaingia Windows Logs halafu System, unatafuta mistari myekundu ambayo chanzo chake ni Service Control Manager. Ipo tukio namba 7003, imeandika kabisa kwamba Print Spooler inategemea sevisi fulani na huenda hiyo sevisi haijawekwa, na jina ni lile lile. Yaani kompyuta ilikuwa imeandika ugonjwa wake tangu Alhamisi usiku, mimi ndo sikwenda kusoma.

Nikalikumbuka lile jina baada ya kulitafuta mtandaoni. Ni la programu ya printa yetu ya zamani, tuliyokuwa nayo kabla ya hii, tuliigawa mwaka jana. Kumbe ilipowekwa enzi hizo ilijiandika kwenye orodha ya spooler kwamba "mimi nianze kwanza ndo wewe uanze". Mpwa wangu wiki ya nyuma alikuwa anasafisha mashine, akaitoa kwa nia njema kabisa, na programu ilipotoka ikaondoka na sevisi yake lakini jina ikaliacha kwenye orodha. Spooler ikawa inamsubiri mtu aliyekwisha hama.

Dawa ni mstari mmoja. CMD uifungue kwa kubonyeza kulia, Run as administrator, halafu

sc config spooler depend= RPCSS/http

Angalieni nafasi baada ya alama ya sawasawa, LAZIMA iwepo, ukiibananisha amri inakataa. Ikajibu SUCCESS. Nikaandika net start spooler, ikaamka hapo hapo, printa ikarudi kwenye orodha. Mke wangu alikuwa jikoni akasikia printa inajizungusha akaja mbio. Nakala 67 zilizobaki zikatoka kabla ya magharibi.

Kabla hujagusa tafadhali piga picha ya skrini ya hiyo sc qc ilivyokuwa mwanzo. Hilo ndo bakapu lako.

#3 Mdau wa Chumbageni

Hongera mkuu ila mi naona mchawi ni umeme tu. Mbona mpwa kaitoa wiki ya nyuma na mlikuwa mnaprinti? Umeme umekata, printa imekufa, hesabu rahisi. Nunua UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

#4 Mleta uzi

Kaka swali lako ndo lilinikosesha usingizi wa usiku wa pili, maana hata mimi nilijiuliza hivyo. Mpwa aliitoa Jumanne ya wiki iliyopita, tangu hapo tumeprinti siku tisa bila shida, na kila usiku tunazima mashine. Iweje sevisi iliyofutwa iendelee kutumika siku tisa?

Nimelipata na naomba mlisome taratibu kwa sababu hili linawahusu wengi. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup, kwenye mashine nyingi kinakuja kimewashwa. Ukibonyeza Shut down mashine haizimi kila kitu. Programu zako zinafungwa ndio, lakini kiini cha Windows pamoja na sevisi zake kinagandishwa vile vile kilivyo na kuandikwa kwenye faili moja la kwenye diski, hiberfil.sys, ukiwasha kesho inakiyeyusha na kuendelea ilipoishia. Ndo maana inawaka haraka. Ukibonyeza Restart ndo inaanza upya kweli kweli. Watu wengi tunadhani kuzima na kuwasha kuna nguvu kuliko kuristati, kumbe kwenye mashine hizi ni kinyume.

Sasa mpwa alipoitoa ile programu, ilimwomba aristati. Akachagua baadaye. Sevisi ikawekewa alama ya kufutwa lakini ikawa bado hai kwenye memori, na kila usiku tulivyozima ikagandishwa nayo, asubuhi ikayeyushwa nayo, spooler inaiona ipo, inaendelea na kazi. Luku ilipoisha ghafla hakukuwa na nafasi ya kugandisha chochote. Tulipowasha Windows ikaanza kutoka sifuri, ile alama ikatekelezwa, spooler ikaamka ikamkuta mwenzake hayupo.

Na ushahidi upo, sibahatishi. Kwenye System kule kule kwenye Event Viewer chuja chanzo cha Kernel-Boot, tukio namba 27, linaandika mashine iliwaka kwa staili gani. 0x1 ni kuyeyusha kwa Fast Startup, 0x0 ni kuanza upya kamili. Kwangu kuna 0x1, 0x1, 0x1, kila asubuhi mfululizo, halafu Alhamisi saa 3 na dakika 14 usiku 0x0, ya kwanza kwa siku zote hizo, na jirani yake kuna 41 ya Kernel-Power na 6008, ambazo ni kumbukumbu kwamba mashine haikuzimwa kistaarabu. Hata ningeristati tu mwenyewe ile Jumanne ingegoma Jumanne ile ile, na tungejua papo hapo ni kwa sababu ya programu iliyotolewa. UPS nitanunua kwa ajili ya diski, lakini hii siyo kesi ya umeme.

#5 Mdau wa Chumbageni

Duh. Nimekwenda kuangalia yangu kwenye Task Manager, Performance, CPU, pale chini Up time inasema siku 23 na mimi nazima kila siku!! Nilidhani imeharibika.

#6 Mleta uzi

Haijaharibika mkuu, ndo hicho hicho. Ukitaka kukitoa ni Control Panel, Power Options, unachagua sehemu ya vitufe vya umeme vinafanya nini, unaondoa tiki kwenye Turn on fast startup. Au ukiwa unazima shikilia Shift ndo ubonyeze Shut down, inazima kweli. Mimi nimekitoa kabisa, mashine inachelewa kidogo kuwaka na sioni tabu.

#7 Dada wa Muheza

Kaka shikamoo, mimi yangu pia printa hazionekani tangu juzi na kazi za watu zimelala hapa. Nimefuata ulivyosema nimeandika sc qc spooler, haijaleta mistari yoyote, imeshuka tu chini kimya. Nimerudia mara tatu. Nimefungua ile ya bluu.

#8 Mleta uzi

Marahaba dada, pole. Tatizo ni hiyo ya bluu, hiyo ni PowerShell. Kwenye PowerShell ya Windows herufi sc ni kifupi cha amri nyingine kabisa, ya kuandika maneno ndani ya faili. Kwa hiyo kila uliporudia imekutengenezea faili linaloitwa qc na ndani yake kuna neno spooler. Angalia folda uliyokuwa umesimama utalikuta, lifute tu halina madhara. Sasa ama ufungue CMD yenyewe nyeusi, ama hapo hapo uandike sc.exe qc spooler, hiyo .exe ndo inamwambia nani unamtaka. Tuma ulichoona kwenye DEPENDENCIES.

#9 Mdau wa Sahare

Mimi ni erro 1053, sevisi haikuitika kwa wakati. Siyo spooler, ni sevisi ya antivairasi na nyingine mbili tatu, leo hii kesho ile. Nimeona mtandaoni wanasema niongeze muda kwenye rejistri (pale Windows inapohifadhi mipangilio yake), ServicesPipeTimeout. Nifanye?

#10 Mleta uzi

1053 ni habari nyingine. Windows ikiamsha sevisi inaipa sekunde 30 iitike, isipoitika inaandika tukio 7009 kwamba muda wa 30000 umepita, hizo ni milisekunde. Ile thamani ya rejistri inaongeza huo muda, unaiweka 60000 inakuwa dakika moja, na kweli itanyamazisha erro. Lakini kaka jiulize kwa nini sevisi tofauti tofauti zimeanza kuchelewa kwa pamoja. Ingekuwa moja tu ningesema hiyo programu ina matatizo yake. Zikiwa kadhaa na zinabadilika, mimi naangalia kitu wanachokitumia wote. Diski yako ni HDD, ile ya zamani ya sahani inayozunguka, au SSD isiyo na kitu kinachozunguka? Kwenye System tafuta chanzo "disk", namba 7 au 153.

#11 Mdau wa Sahare

HDD, ya tangu 2014. Namba 7 zipo kama utitiri. 153 pia.

#12 Mleta uzi

Simama hapo hapo ndugu yangu. Namba 7 maana yake diski imekuta sehemu isiyosomeka, 153 ni kwamba imejaribu kusoma ikashindwa ikabidi irudie. Sevisi zako ni nzima, zinasubiri diski iwape mafaili na diski inahangaika. USIONGEZE muda, usiendeshe chkdsk (amri ya kukagua diski) kwanza, maana chkdsk inaichosha diski nzima nzima na yako inaweza kuishia humo humo. Leo hii tafuta diski ya nje au hata flashi kubwa, hamisha picha na kazi zako, cha muhimu zaidi kianze. Ukishamaliza ndo tuongee habari ya SSD.

#13 Fundi, Barabara ya 12 Ngamiani

Nimesoma yote. Nataka niseme kitu upande wetu mafundi bila kumtetea mtu. Mteja anakuletea mashine saa 4 anasema saa 6 anaifuata, ana kazi, na yuko tayari kulipia "kupigwa windo" kwa sababu ndo anachokijua, ukimwambia nalipisha kwa kusoma Event Viewer anaona unamwibia. Kwa hiyo tunapiga windo, na mara nyingi inapona kweli, kwa kuwa umefuta kila kitu pamoja na ugonjwa. Ila huyo wa Sahare angeletwa kwangu kwa staili hiyo ningepiga windo juu ya diski mbovu, mwezi haufiki karudi ananilaumu, na picha zake zimekwenda. Hilo limenitokea na siku ile nilijisikia vibaya sana, zilikuwa picha za marehemu mama wa mteja.

Tangu hapo mashine ikiingia naangalia diski kabla ya chochote. Dakika tano.

Naongeza za haraka kwa wanaosoma: 1058 sevisi imezimwa kwa makusudi, rudisha Automatic au Manual ilivyokuwa. 1069 akaunti inayoendesha sevisi imeshindwa kuingia, mara nyingi imebadilishwa pasiwedi. 1067 imeamka halafu ikaanguka yenyewe. 1068 usihangaike na sevisi unayoiona, mgonjwa ni anayetegemewa.

#14 Mdau wa Pongwe

Fundi hiyo 1068 ndo yangu, waifai. WLAN AutoConfig, sevisi ya waifai yenyewe, inagoma. Niliweka programu ya kuongeza spidi ya kompyuta ikaniambia imezima sevisi 40 zisizo na maana, nikafurahi, na spidi nikaiona. Waifai ikafa.

#15 Fundi, Barabara ya 12 Ngamiani

Hizo programu za spidi zinaleta wateja wengi hapa. Nenda services.msc, bonyeza mara mbili WLAN AutoConfig, ingia Dependencies, kile kiboksi cha juu ndo inazozitegemea. Iangalie moja moja. Nina wasiwasi na Windows Connection Manager, ikiwa Disabled iweke Automatic, Apply, Start, halafu rudi kwenye WLAN.

#16 Mdau wa Pongwe

Ilikuwa Disabled kweli. Imerudi, naandika kwa waifai sasa hivi. Asante sana fundi. Hizo 39 nyingine je?

#17 Fundi, Barabara ya 12 Ngamiani

Fungua hiyo programu, nyingi zina sehemu ya kurudisha ilivyokuwa, rudisha zote ndo uitoe. Ukiitoa kabla hujarudisha utabaki kutafuta moja moja. Na ukishaitoa, Restart, mleta uzi keshaeleza kwa nini.

#18 Dada wa Muheza

Kaka nimetumia .exe imekubali. Kwenye DEPENDENCIES ziko RPCSS na http peke yake, hakuna la tatu. Nikibonyeza Start inaamka kabisa, Running, halafu nikifungua orodha ya printa inakufa.

#19 Mleta uzi

Basi dada yako si ya kwangu, na usiandike ule mstari wa depend kwani orodha yako ni nzima. Inaamka na kufa ukigusa printa, hiyo mara nyingi ni kazi iliyooza kwenye foleni au draiva mbovu. Hapa sasa ile folda ya PRINTERS ndo mahali pake. Hakikisha spooler imelala, net stop spooler, futa vilivyomo ndani ya folda, folda yenyewe iache, halafu net start spooler. Ikiendelea kufa, Event Viewer, safari hii ingia Application siyo System, tafuta tukio 1000 lenye spoolsv.exe, litakutajia faili lililoangusha, jina lake linaishia na dll. Nitumie hilo jina.

#20 Dada wa Muheza

Folda ilikuwa na mafaili 31!! Nimefuta imetulia, ila ilikufa tena mara moja, nikaenda Application nikakuta dll, jina linafanana na la printa ya rangi niliyoazimwa na shangazi mwezi wa Ramadhani nikairudisha. Nimeitoa draiva yake nimeristati. Sasa hivi dakika kama ishirini haijafa, naprinti barua ya kwanza.

#21 Mleta uzi

Alhamdulillah. Iache iwake mpaka jioni, halafu kesho asubuhi ukiwasha angalia kama imeamka yenyewe kabla hujabonyeza kitu, utuambie hapa.

#22 Mdau wa Sahare

Nimehamisha folda ya picha na ya shule ya watoto kwenye diski ya jirani, imechukua masaa matatu, kuna mafaili manne yamegoma kabisa kusomeka. Mengine yako salama. Fundi wa Barabara ya 12, Jumatatu nakuja na mashine, unafungua saa ngapi?

#23 Fundi, Barabara ya 12 Ngamiani

Saa 3. Usiiwashe tena mpaka Jumatatu, hayo manne tutayajaribu kwanza.